Maswali Yenu ya Ngozi: Kovu la Siku Nyingi Usoni

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: kovu la usoni ambalo kidonda chake kilipona zamani, na mwenye nalo anataka kujua kama bado kuna la kufanya. Tumechagua sita. Karibu kila mwandishi anaomba jina la krimu. Kabla ya krimu, tunamwomba kila msomaji asimame dirishani na kioo, mwanga ukimpiga kwa upande, apapase kovu lake kwa kidole. Je, limebonyea? Limeinuka? Liko sawa na ngozi ila rangi ndiyo iliyobadilika? Linavuta? Majibu yote yaliyo hapa chini yanaanzia hapo, kwa sababu dawa inayoshusha kovu lililoinuka hulizidisha shimo lile lililobonyea.

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 34. Miaka 9 iliyopita nilianguka na bodaboda, nikashonwa. Kovu limeanzia mfupa wa shavu la kulia mpaka karibu na pembe ya mdomo, kama sentimita 6. Ni pana, limezama kidogo, pembeni lina alama za nyuzi kama ngazi, na ndani kuna vidoadoa vyeusi vyenye ubluu ambavyo haviondoki hata nikisugua. Nikicheka mdomo unavutwa. Kuna krimu? Au nipasuliwe upya? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Marahaba, kaka. Kwa kovu la namna hii krimu haina kazi, na tunakuambia mapema ili fedha zako zisiishie dukani. Krimu inafanya kazi tabaka la juu la ngozi. Upana, kuzama na kuvuta ni mambo ya tabaka la chini, ambako kolajeni ya kovu (nyuzi za protini zinazoshika ngozi) imelala upande mmoja badala ya kusukana kama mkeka. Hata hivyo miaka 9 inakusaidia: mpasuaji hupenda kusubiri walau miezi 12 baada ya jeraha, kovu likomae na kutulia, na lako limeshatulia kabisa.

Una shida tatu, na kila moja inatibiwa kivyake.

Vidoadoa ni lami na vumbi la barabarani. Vilibaki kwa sababu kidonda hakikusuguliwa vya kutosha siku ile ya kwanza, na sasa ni kama tatuu. Vilivyo ndani ya kovu vitaondoka nalo likikatwa. Vilivyo nje yake huchimbwa kimoja kimoja kwa kikatio cha duara cha milimita 1 hadi 2, au hufutwa kwa leza ya kuondolea tatuu. Kwa ngozi nyeusi omba ile ya mawimbi ya nanomita 1064, ambayo huisumbua rangi ya ngozi kidogo kuliko nyingine. Usisugue tena kwa jiwe wala dodoki. Unachokipata ni weusi mpya juu ya ule wa zamani.

Alama za ngazi zinatokana na nyuzi zilizokazwa mno au zilizochelewa kutolewa. Usoni nyuzi hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Zikifika wiki 2, ngozi huota kuzunguka kila uzi na kuacha tundu. Zile zilizo karibu na kovu zinaweza kukatwa pamoja nalo. Zilizo mbali ni afadhali ziachwe, kwani kuzifuata zote kunapanua kidonda, na kidonda kipana kikishonwa kwa kuvutwa hurudi kuwa kovu pana.

Kuvutwa kwa mdomo ndiko kunakotaka fundi hasa. Uso una mistari yake ya asili, ile ambayo mikunjo ya uzeeni huifuata. Shavuni inashuka kutoka kando ya pua kuelekea nje. Kovu linaloifuata hujificha. Lako limeikata kwa kupingana, kwa hiyo kila ukicheka linavutwa kwa urefu wake. Hapa mpasuaji huchora herufi Z: mstari wa kati ni kovu lenyewe, mikono miwili inatoka kwa pembe ya digrii 60, kisha pembetatu mbili za ngozi zinabadilishana nafasi. Kwa hesabu, pembe hiyo huongeza urefu wa mstari kwa takriban asilimia 75, na mvuto unalegea. Z moja kubwa shavuni itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo zinachorwa ndogondogo karibu na mdomo, na sehemu iliyobaki inakatwa kwa meno ya msumeno. Jicho la mtu hufuata mstari ulionyooka, uliovunjikavunjika linaupoteza.

Kazi hii hufanywa kwa ganzi, kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kovu hukatwa lote mpaka mafuta, kingo zinalegezwa chini ili zisogeleane bila kulazimishwa, kisha zinashonwa kwa tabaka mbili. Uzi wa chini, unaoyeyuka wenyewe, ndio unaobeba mzigo. Wa juu ni mwembamba, namba 6-0, na kazi yake ni kusawazisha kingo tu. Makovu mengi mapana ya usoni yalishonwa tabaka moja. Muulize mpasuaji wako waziwazi atashona tabaka ngapi, na umwombe picha za wagonjwa wake wenye ngozi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha ya wiki 2 haisemi kitu.

Mwambie pia kama umewahi kuota keloidi (kovu nene linalovuka mipaka ya kidonda) kifuani, begani au sikioni, wewe au ndugu zako wa damu. Kama unavuta sigara, acha wiki 4 kabla na wiki 4 baada, kwani sigara inabana mishipa midogo na ncha za zile pembetatu zinaweza kufa.

Ukitoka, lalia mito miwili kwa usiku 2 au 3 za kwanza. Wiki ya kwanza kula vitu laini, uji, mtori, viazi vya kuponda, maana kutafuna nyama ngumu kunavuta shavu. Nyuzi zikitoka, bandika plasta ya karatasi juu ya mstari papo hapo, uibadilishe ikianza kubanduka yenyewe, kwa wiki 6 hadi 12. Usiibandue kila siku, kwani kuibandua kwenyewe kunavuta kidonda. Kidonda kikifunga kabisa waweza kuhamia jeli ya silikoni, tabaka jembamba mara 2 kwa siku. Isipokauka ndani ya dakika 5 umepaka nyingi. Ukihisi upande mmoja umevimba ghafla na kukaza ndani ya siku 2 za kwanza, rudi siku hiyohiyo, huenda damu imejaa chini. Joto, maumivu yanayoongezeka na usaha kuanzia siku ya 3 ni maambukizi.

Na shika hili: kati ya wiki ya 6 na ya 12 kovu jipya huwa gumu na jeusi kuliko lile la zamani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia mkorogo. Ni hatua ya kawaida ya kupona. Matokeo hupimwa mwezi wa 12.

SWALI: Hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka 26. Chunusi zimeisha lakini mashavu yamebaki na vishimo na madoa meusi. Saluni moja wamenipa bei ya "leza ya makovu" mara sita. Rafiki yangu ananishauri ninunue roli ya sindano nijifanyie nyumbani. Nifuate lipi? *Nakuru*

JIBU: Dada, kwa sasa usifuate lolote kati ya hayo mawili.

Kwanza tenganisha madoa na vishimo. Doa jeusi lililo sawa na ngozi si kovu. Ni rangi iliyomwagika baada ya chunusi kuwaka, nayo hupungua kwa dawa za kupaka. Asidi ya azelaiki asilimia 20 asubuhi na jioni ni chaguo zuri, hata kwa mjamzito. Tretinoini asilimia 0.025 hupakwa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, siku moja unapaka, siku moja unaacha, mpaka ngozi izoee. Hii mjamzito haitumii. Yape miezi 3 hadi 6. Bila kinga ya jua unateka maji kwa kikapu: pima losheni ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi kwa kuichora juu ya vidole 2, urefu wote, ndicho kiasi cha uso na shingo, urudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Kwa ngozi yetu iliyo bora ni losheni yenye rangi ya udongo, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza madoa.

Vishimo ndivyo makovu, na havifanani. Kuna vile vyembamba na virefu kama vilivyodungwa kwa msumari. Kuna vipana vyenye kingo zilizokatika wima, kama alama ya tetekuwanga. Na kuna mabonde laini ambayo ukivuta ngozi kwa vidole viwili yanapotea; hayo yameshikwa kwa chini na nyuzinyuzi ngumu. Watu wengi wana aina zote tatu shavu moja, ndiyo maana mashine moja haiwezi kumaliza kazi.

Mabonde: daktari hupiga ganzi, akaingiza sindano yenye ncha ya kukata chini ya kovu na kuipeleka kama feni, huku na huku, akikata zile nyuzinyuzi. Anakandamiza dakika 5 hadi 10 damu isimame. Utakuwa na uvimbe na michubuko ya wiki 1 hadi 2, kwa hiyo usiweke miadi hiyo karibu na sherehe. Hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, mara 3 au zaidi. Kwa mabonde haina mpinzani, na haitaki mashine ya gharama. Tunashangaa kliniki nyingi haziitaji kabisa.

Vishimo vya msumari: tone la asidi kali ya TCA (trikloroasetiki) huwekwa ndani ya shimo lenyewe kwa ncha ya kijiti, mpaka pageuke peupe kama chumvi. Gaga hudondoka baada ya siku 5 hadi 7, na shimo hujaa taratibu kutoka chini. Kwa ngozi nyeusi madaktari wengi huanza na asilimia 50, ingawa zipo za mpaka 100. Tone likimwagika pembeni, shimo linapanuka na kuzungukwa na pete nyeusi. Asidi hii inauzwa mtandaoni kwenye chupa kama za manukato. Tafadhali, dada, usiiguse mwenyewe.

Ngozi nzima ya shavu: hapa ndipo vijisindano vinapofaa. Kliniki hupaka krimu ya ganzi dakika 45 hadi 60, kisha sindano za milimita 1.5 hadi 2 shavuni, na fupi zaidi kwenye paji ambapo mfupa uko karibu. Hurudiwa kila wiki 4, mara 3 hadi 6. Uzuri wake ni kwamba haziunguzi, hivyo hatari ya weusi ni ndogo kuliko leza. Roli ya nyumbani ya milimita 0.2 au 0.3 haifiki kwenye kovu. Ya milimita 1.5 inafika, lakini mkononi mwako inachana badala ya kutoboa, na roli ya kuazimana inaweza kupitisha homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Kama bado una chunusi hai, subiri ziishe, kwani sindano zitasambaza vijidudu uso mzima.

Sasa hiyo leza ya saluni. Leza ya makovu ni ile inayotoboa ngozi kwa safu ya vitundu vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati, nayo hutumika kwa watu weusi kwa nguvu ya chini, vitundu vichache, na baada ya jaribio dogo nyuma ya sikio au chini ya taya linaloangaliwa kwa wiki 4 hadi 6. Mashine nyingi za saluni ni taa za kuondolea nywele, na taa hizo kwenye ngozi nyeusi huunguza: melanini, yaani rangi ya ngozi, inanyonya mwanga mwingi. Uliza jina la mashine, mawimbi yake, nani anaiendesha na amesomea wapi. Wakijibu "leza ni leza", ondoka.

Ukifanya yote haya vizuri, vishimo kupungua kwa nusu ni matokeo mazuri. Anayekuahidi uso wa mtoto mchanga hakutakii mema.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 16. Alikuwa na vipele kwenye taya, sasa vimegeuka vinundu vigumu vinavyong'aa, vinawasha, na kimoja kimekuwa kikubwa kama harage. Nataka kikatwe kabla hakijaongezeka. *Mama, Tanga*

JIBU: Mama, tunaomba usikubali kikatwe peke yake. Hicho kwa maelezo yako ni keloidi, kovu linalovuka mipaka ya kidonda chake. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuisindikiza hurudi kwa wagonjwa karibu nusu, au zaidi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko ilivyokuwa. Umri wa mwanao ndio hasa umri wa keloidi kuchachamaa.

Tiba ya kwanza ni sindano ya triamsinoloni (dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe) ndani ya kinundu chenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Usoni huanzwa na miligramu 10 hadi 20 kwa mililita, na hupandishwa hadi 40 kinundu kikiwa kigumu sana. Muwasho huondoka kwanza, kisha kinalainika, kisha kinashuka. Hesabu walau mizunguko 3 hadi 6. Sindano ya kwanza inauma kwa sababu keloidi ni ngumu na dawa inaingia kwa kusukumwa. Daktari akihisi dawa inaingia kirahisi, ncha imepita chini, na huko itayeyusha mafuta na kuacha shimo. Doa jeupe kuzunguka mahali pa sindano hutokea, na mara nyingi rangi hurudi baada ya miezi. Kisipoitikia, huchanganywa na fluorourasili, dawa inayozuia chembe kuongezeka.

Kugandisha kwa baridi kali hupunguza keloidi, ila baridi huua chembe zinazotengeneza rangi. Usoni kwa mtoto mweusi huenda akabaki na baka jeupe, nalo humsumbua kuliko kinundu. Mionzi baada ya upasuaji, inayotolewa hospitali za saratani kama Ocean Road, Dar es Salaam, hupunguza kurudi kwa keloidi kwa watu wazima. Kwa kijana wa miaka 16, tena karibu na tezi ya shingo, madaktari huiepuka.

Kazi kubwa zaidi iko nyumbani: kila kipele kipya ni mbegu ya keloidi mpya. Chunusi zitibiwe sasa, na asinyoe kwa wembe. Atumie mashine inayoacha ndevu urefu wa milimita 1 hivi, aipitishe mara moja tu, bila kurudiarudia, na asikamue. Kama hospitali ya mkoa haina daktari wa ngozi, omba rufaa; kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa fani hii tangu miaka ya 1990, na wahitimu wake wako mikoa mingi.

SWALI: Limau, mshubiri, vitamini E, maji ya kitunguu, krimu za kung'arisha: lipi linaondoa kovu? *Wasomaji kadhaa*

JIBU: Hakuna linaloondoa. Limau likipakwa na mtu akatoka juani linaweza kumbabua na kumwachia mabaka ya miezi. Vitamini E iliyotobolewa kutoka kwenye kidonge huwasha na kuleta vipele kwa baadhi ya watu. Mshubiri unatuliza ngozi iliyoungua leo, lakini kovu la miaka 10 halisikii. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kukanda kovu gumu, dakika 5 hadi 10 mara 2 kwa siku, kwa kidole kinachosukuma hadi ngozi ibadilike rangi kidogo. Kinachosaidia ni mkono. Silikoni ndiyo krimu pekee tunayoweza kuisimamia, na hata hiyo kwa kovu lililoinuka, hasa ambalo halijapita miaka 2.

Mkorogo ni jambo la kulia. Ndani yake hukutwa haidrokwinoni isiyopimwa, zebaki, na steroidi kali kama klobetasoli. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini bado vinapatikana vichochoroni. Klobetasoli ikikaa usoni miezi michache inakonda ngozi mpaka mishipa inaonekana, na ngozi iliyokonda haimfai mpasuaji wala leza. Haidrokwinoni ya miaka huleta weusi wa samawati mashavuni ambao ni mgumu kuliko kovu lililompeleka mtu dukani.

SWALI: Nilimwagikiwa uji wa moto nikiwa na miaka 3, sasa nina 22. Ukope wangu wa chini umevutwa na kovu la shavu, jicho halifungi vizuri, linatoa machozi na asubuhi linawaka. Nimezoea, ila naulizia kama sura inaweza kurekebishwa. *Kigoma*

JIBU: Ndugu, umeuliza sura, sisi tunaanza na jicho. Jicho lisilofunga hukauka, kioo chake cha mbele hupata vidonda, na vidonda hivyo vinaweza kupofusha. Kabla ya safari yoyote, nenda kliniki ya macho iliyo karibu wakuangalie. Wakati unasubiri, tumia matone ya machozi ya bandia mchana, na usiku mafuta mazito ya macho kisha ufunge ukope kwa plasta laini. Pamba au chachi isiguse jicho lenyewe.

Kovu la kuungua linalovuta ukope hivi halitibiwi kwa leza wala sindano peke yake. Linataka kukatwa ili kuachia. Mpasuaji wa kurekebisha viungo hukata chini kidogo ya ukope, upande hadi upande, mpaka ukope urudi juu kwa uhuru. Hapo panabaki uwazi mkubwa kuliko ulivyodhania, nao hujazwa kwa ngozi ya kupandikiza. Iwe ngozi ya unene kamili, kutoka nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kwa sababu inashabihiana na ya uso na hunywea kidogo. Ngozi nyembamba ya paja hunywea sana, na baada ya mwaka ukope unaweza kuvutwa upya. Kiraka hukatwa kikubwa kuliko uwazi kwa makusudi, hukandamizwa kwa bandeji siku 5 hadi 7 kisihame, na ukope hushonwa ufunge kwa muda. Adui zake ni damu inayojikusanya chini ya kiraka na kusugua jicho usingizini. Kitakuwa cheusi miezi ya mwanzo, kisha kitapungua.

Hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam, zinafanya upasuaji wa kurekebisha makovu ya moto. Omba barua ya rufaa yenye maneno "jicho halifungi", maana maneno hayo hukutoa kwenye foleni ya urembo.

Kwa kila mwenye kovu la moto la utotoni: likifungua kidonda kisichopona kwa wiki 3, likatoa damu bila sababu au likaota nyama, nenda kakatwe kinyama cha kupima. Saratani ya ngozi inaweza kuota kwenye kovu la kuungua baada ya miaka 20 au 30; madaktari huiita kidonda cha Marjolin. Haitokei mara nyingi, na ikikamatwa mapema hukatwa ikaisha.

SWALI: Nina shimo la tetekuwanga katikati ya nyusi. Harusi yangu ni wiki 3 zijazo. Kliniki hapa Muscat wanasema sindano ya kujaza italimaliza siku moja. *Bi harusi mtarajiwa*

JIBU: Hongera, bibi. Sindano ya asidi ya haialuroniki, jeli ya kujaza ngozi, kweli huinua kovu lililozama siku hiyohiyo, na hudumu miezi 6 hadi 12 au zaidi kidogo. Lakini katikati ya nyusi ndipo mahali pa hatari kuliko pote usoni. Mishipa ya hapo inaungana na ya jicho. Dawa ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuua ngozi ya paji au kupofusha, nao upofu huo mara nyingi haurudi. Shimo la tetekuwanga, tena, lina kingo ngumu, na dawa ikisukumwa chini yake mara nyingi huinua ngozi ya pembeni na kuacha shimo palepale. Kwa kovu moja la namna hii kinachofaa zaidi ni kukatwa kwa kikatio cha duara na kushonwa uzi mmoja au miwili, au TCA. Vyote viwili vinataka miezi. Panga baada ya fungate.

Kwa wiki hizi 3 usifanye lolote linalotoboa au kumenya ngozi. Mpambaji wako aanze na kitangulizi chenye silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti, akigonge kwa kidole ndani ya shimo mpaka lijae. Kama chini yake kuna weusi, apitishe rangi ya chungwa nyembamba kabla ya fandesheni. Fandesheni iwe isiyong'aa hapo katikati, kwani mng'ao ndio unaochora shimo kwenye picha, na poda igongwe, isisuguliwe. Mfanye jaribio mchana, kwenye mwanga wa dirisha, kisha apige picha kwa taa ileile ya mpiga picha wa harusi.